Betri ya Taa za Shambani

Jumamosi, 4 Januari 2025

Giga arobaini na moja! Nilianza kushusha apdeti ya gemu jana jioni, leo saa nne asubuhi iko asilimia sitini na tatu. Bando limeisha, nimenunua jingine, nalo liko mbioni kuisha. Na ndani ya apdeti kuna nini? Nimesoma maelezo yao yote. Kofia tatu, ramani moja mpya, na "marekebisho madogo." Hawa wanaotengeneza gemu wanaishi mahali intaneti inatoka kama maji ya bomba. Sisi hapa mtaa wa Mabomani hata maji ya bomba yenyewe ni ya kuulizia.

Noah ananicheka. Ana chumba chake cha gemu karibu na stendi ya Voi, televisheni nne, na kabati limejaa diski za zamani. Anasema diski haikuombi ruhusa. Ni kweli, ananiudhi lakini ni kweli. Gemu langu nimelilipia, liko ndani ya kompyuta yangu, na bado kila nikiwasha linauliza seva ya Ulaya kama mimi, Derrick, naruhusiwa kucheza. Diski unaweza kumwazima rafiki. Akaunti utamwazima nani?

Nimefungua kompyuta nikaisafisha kwa brashi ya rangi. Feni imejaa vumbi jekundu tena. Ilikuwa mashine ya ofisi fulani Mombasa kabla ya kuja kwangu, ilizoea viyoyozi. Pole yake.

Jumapili, 5 Januari

Sikwenda kanisani. Nimecheza lile gemu langu la kulinda ngome saa sita mfululizo.

Niandike kasoro zake hapa, maana nikiziandika mtandaoni natukanwa. Una kijiji. Wanyama wa kutisha wanakuja kwa mawimbi. Unapanda taa, na penye mwanga hawapiti. Wazo zuri sana, mtu aliyelibuni ana akili. Halafu wakaliharibu! Kwanza, ngoma. Kabla ya kila wimbi ngoma inalia, kwa hiyo unajua wanakuja. Woga gani huo wa kupigiwa kengele? Pili, wanapita njia ile ile kila mara. Tatu, na hii ndiyo inaniuma zaidi: kufa si kitu. Kijiji kikikanyagwa, unarudi pale ulipohifadhi, watu wote wazima, mahindi yote yamesimama.

Ningekuwa mimi mbunifu ningeondoa kuhifadhi kabisa. Umekosea, umekosea. Beba.

Jumatano, 8 Januari

Stima imepotea mara nne leo. Pale saiba, duka la intaneti ninapofanya kazi, tumekaa tu tukitazamana na wateja.

Mchujo wa gemu hili wa Afrika Mashariki ni Jumamosi tarehe 18, mtandaoni. Wachezaji mia mbili, wanane wanapita kwenda fainali Nairobi. Nimesoma sheria. Ukikatika zaidi ya sekunde thelathini, umetoka. Hakuna kurudi, hakuna rufaa. Yaani kufa ndani ya gemu ni bure, lakini stima ya Voi ikipotea ndiyo kufa kwa kweli! Nani alikaa chini akaandika sheria hiyo?

Noah ana inveta ya kuniazima, ile ya kugeuza umeme wa betri uendeshe kompyuta. Hana betri. Iliyokuwapo ilivimba.

Jumapili, 12 Januari

Nilikuwa Kasigau kwa wazazi. Nimerudi jioni hii, mgongo umekufa kwa ile barabara.

Mahindi ya Baba ni marefu kuliko mimi. Alinitembeza hadi mwisho wa shamba, upande unaotazamana na ranchi, kunionyesha tena taa za kufukuzia ndovu. Kama sizijui! Nilimfungia mwenyewe mwaka jana. Nguzo sita, taa zinazomulika na kuzima, zinaelekea porini. Sanduku la betri, paneli juu yake. Baba akasema tangu taa hizi amerudi kulala kitandani kama mtu. Miaka kumi na tano alilala kwenye kibanda cha shambani na madebe ya kupigia kelele. Akasema pia kwamba ndovu hawajaonekana tangu kabla ya Krismasi.

Nimefanya jambo. Naliandika ili nisijifanye sikulifanya. Walipoenda ibada nilisema kichwa kinaniuma. Ufunguo wa sanduku unaning'inia nyuma ya mlango. Nilitoa betri, nikafunga ncha za waya kwa tepu nyeusi zisigusane, nikarudisha kufuli. Kutoka nyumbani huwezi kuziona taa, mahindi yanaziba. Nikaiweka betri chini kabisa ya gunia, pojo za Mama juu. Mama alinisaidia kulinyanyua hadi kwa bodaboda. Akasema mbona pojo zimekuwa nzito hivi. Nikamwambia nimeongeza vitabu vyangu vya shule.

Baba ningemwomba, angekataa. Kwake gemu ni kupoteza wakati. Wiki moja tu. Jumapili ijayo nairudisha kabla hawajatoka kanisani.

Alhamisi, 16 Januari

Tumeijaribu. Imedumu saa tano na nusu, kompyuta, skrini na ruta, bila kukohoa! Betri nzuri sana hii. Noah akauliza nimeipata wapi. Nikasema nimenunua ya mkono wa pili Mwatate. Akasema nimebahatika.

Mama alipiga simu. Mahindi yameanza kukomaa, wanachoma kila jioni. Akauliza ninakuja lini tena. Nikasema Jumapili.

Jumamosi, 18 Januari

Nimepita! Wa sita!

Wimbi la tisa, stima ikapotea. Nilisikia mtaa mzima ukiguna. Skrini yangu haikupepesa hata. Nilikuwa nimezima simu tangu jana usiku, sheria yangu kila nikicheza, na Noah amesimama nyuma yangu akiuma kidole. Tulirukaruka kama

Saa mbili usiku. Nilikuwa naandika hapo juu nikawasha simu. Simu kumi na nne ambazo sikupokea. Mama, Mama, dada yangu Linet, Mama. Ujumbe wa Linet: ndovu waliingia shambani alfajiri. Baba yuko hospitali hapa Voi tangu saa nne asubuhi. Mwendo wa dakika kumi kutoka kitandani pangu. Mimi nilikuwa nalinda kijiji.

Naenda.

Jumapili, 19 Januari

Yuko hai. Mguu wa kushoto umevunjika mara mbili chini ya goti. Mbavu mbili. Kidonda kirefu pajani.

Mama alinisimulia kwenye benchi la nje. Baba alisikia mabua yakivunjika. Hayo tu, mabua. Alichukua debe na tochi akashuka akijua taa zinawaka, kwamba ndovu watakuwa upande wa juu, wanakwepa mwanga, kama kawaida. Aliposhuka aliingia katikati yao. Jirani yetu Munyoki ndiye aliyesikia akipiga kelele. Alikuja na pikipiki, taa imewashwa, honi, mpaka ndani ya mahindi. Alimburuta Baba kwa koti. Halafu akamleta barabarani amemfunga mgongoni kwake kwa leso ya Mama.

Hakuna ngoma iliyolia.

Jumanne, 21 Januari

Wamegundua. Linet alishuka shambani jana. Kufuli liko sawa, betri haipo. Mama alinishika mkono akaniambia taratibu, kana kwamba mimi ndiye wa kuonewa huruma: "Mwanangu, baba yako aliibiwa. Mtu alimuuza kwa ndovu."

Kinywa kilikuwa wazi kabisa, Mungu anajua, na sikusema.

Alhamisi, 23 Januari

Ni Munyoki. Yaani wanasema ni Munyoki. Ana kibanda cha kuchajia simu za watu, na betri yake ni ya aina ile ile, rangi ile ile. Anaingia kwetu kila siku, anajua ufunguo ulipo. Na ni mtu wa kuja, alitoka Kitui miaka tisa iliyopita, na hilo sasa limekumbukwa. Vijana wamekwenda kuichukua betri yake wakaipeleka kwa chifu. Kibanda kimefungwa. Kesi ni Jumatatu ya tarehe 3.

Mtu mmoja ameuliza kwa nini alifika haraka hivyo alfajiri ile, kama hakuwa anajua. Linet ndiye aliyeniambia hayo kwenye simu, akaongeza kwamba hata yeye anaanza kujiuliza.

Betri iko chini ya kitanda changu. Nimeifunika kwa taulo. Ninalala juu yake.

Ijumaa, 24 Januari

Barua pepe kutoka kwa waandaaji. Hongera, mchezaji wa Voi. Nitumie picha yangu. Nishushe toleo la fainali, giga mia moja na kumi.

Nimesoma nilichoandika tarehe 5. "Umekosea, umekosea. Beba." Mjinga mkubwa wewe. Uliandika hivyo umekunja miguu kitandani, umeshiba.

Nimefuta gemu. Siku mbili kulishusha, sekunde nne kulifuta. Akaunti bado inaonyesha kwamba ni langu, naweza kulirudisha wakati wowote. Noah alipiga simu mara tatu, sikupokea. Nimemwandikia kwamba Nairobi siendi.

Jumatano, 29 Januari

Nilikaa na Baba mchana kutwa, Mama amelala kwa shangazi. Nilimlisha uji. Kidonda hakikauki, daktari amebadilisha dawa mara mbili.

Akaniuliza, mara ya kwanza maishani, ile michezo yangu ya kompyuta inahusu nini hasa. Nikamweleza. Kijiji, mawimbi, taa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na taa zikizimika?" Nikamwambia wanaingia, lakini unaanza upya. Akatikisa kichwa kidogo. "Wazungu wana huruma."

Alifumba macho, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Linet ameniambia zile nyaya zilikuwa zimefungwa tepu. Ncha zote mbili, vizuri kabisa. Mwizi gani, Derrick, anaogopa nyaya za mwenzake zisiungue?"

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui," akasema. Akaomba maji.

Jumamosi, 1 Februari

Wamemruhusu. Tumemleta nyumbani Kasigau kwa gari la jirani mwingine, mguu umenyooshwa juu ya magodoro. Nimekuja na gunia langu, betri ndani. Nimelificha nyuma ya choo, chini ya mabati. Kwa nini nimekuja nalo? Kuirudisha betri sandukuni usiku ili ionekane mwizi ameona haya? Niliwaza hivyo, sikatai. Niliwaza hivyo njia nzima, kichwa cha Baba kikiwa mapajani mwangu.

Shamba limebaki mabua tu.

Baba amesema kesho anataka kutasa. Mambo ya babu hayo. Unapiga funda la maji, unalipuliza nje, unasema hasira iliyo moyoni itoke, na baada ya hapo huruhusiwi kuishika tena. Babu alikuwa akisema mwenye hasira kidonda hakimfungi. Nilidhani Mama, mzee wa kanisa mzima, atakataa. Amesema hata Mungu hapokei sadaka ya mtu aliyenuna.

Baba amemtuma Linet akamwite Munyoki. Linet alitaka kubisha. Baba akamwangalia tu, Linet akaenda.

Jumapili, 2 Februari

Naandika jikoni, nimesimama, daftari juu ya debe la unga.

Munyoki amekuja. Amevaa shati la kanisani. Hakuketi mpaka alipoambiwa mara mbili, na ameketi karibu na mlango. Amekonda. Wameketi pia Mama, Linet, na mzee wa mtaa, ambaye kesho ndiye atakayetoa ushahidi kwa chifu. Alimwambia Munyoki mbele ya watu kwamba hii ni nafasi yake ya mwisho ya kusema. Munyoki akasema, "Mzee, mimi nilichukua mtu kutoka shambani. Betri sikuchukua." Mama akaanza kulia.

Mzee wa mtaa akamwomba Baba ataje jina la anayemwondolea hasira, maana bila jina maji yanakwenda bure. Baba akasema jina hatalitaja yeye. Watu wakatazamana.

Halafu kuna kikombe. Anayetasa akiwa mgonjwa mtu humshikia. Munyoki alinyanyuka, mnyonge, akasema kama Baba ataruhusu, yeye atashika, ajulikane hana kitu moyoni. Baba akamwambia, kwa upole kuliko alivyowahi kusema na sisi watoto wake, "Keti, Munyoki. Wewe umeshanibeba." Kisha akaita kwa sauti ili nisikie huku jikoni:

"Derrick atashika."

Nimejaza maji. Nimeyamwaga nikajaza tena, kikombe kilikuwa na majani ya chai. Kupitia mlango wa nyuma nauona ukuta wa choo na ukingo wa mabati. Kutoka hapa hadi pale ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Kutoka hapa hadi kwa Baba ni sita.

Ananiita tena. Hajakasirika. Anaita kama anavyoniita chakula kikiwa tayari.

Nina mikono miwili. Kwa kikombe mkono mmoja unatosha, lile gunia linataka yote. Nimeweka kikombe chini, naenda kulileta.