Nusukaputi ya Ukoo Wetu

6 Februari

Dada yangu, mama yangu wa pili,

Bahati ingekuwa nguo, mimi ningetembea nimevaa suti tatu. Nimepasuliwa ngiri, nikaamka nikicheka, nikamuuliza nesi kama chai imeshapita. Shikamoo. Hujambo? Watoto? Shemeji na kikohozi chake? Mimi buheri wa afya, chuma cha pua.

Najua unafoka. Tangu baba aingie chumba cha upasuaji kwa mguu uliovunjika akatoka amefunikwa shuka, umeapa hakuna wa damu yetu atakayelala chini ya kisu. Sasa nitazame mimi. Shemeji kaniandikia kwamba unashona sare za shule ukiwa umeegemea ukuta, kwa vile uvimbe wa kizazi unakumaliza damu. Nenda wakautoe. Kisu cha siku hizi si kile cha baba.

Halafu, dada, hapa nimekuwa mtu mkubwa. Unajua lifti za hospitali hii natengeneza mimi. Wakubwa nawapandisha, wakubwa nawashusha. Sasa kuna daktari mtafiti, mama mwenye miwani, kaipenda damu yangu mpaka kaichukua chupa nzima. Hata damu yangu inapanda ghorofa ya juu, tena peke yake.

Mdogo wako,
Fundi Lifti

14 Februari

Mdogo wangu mwenye mdomo,

Salamu kutoka kwa wote. Watoto wazima, shemeji yako anakohoa kama kawaida, mimi ndiye wa kuinuka kwa kushikilia meza. Barua yako nimeisoma nikalia, nikakutukana, nikaisoma tena.

Nimekubali. Nilikuwa nimeamua afadhali nife na uvimbe wangu kuliko kufa kama baba. Daktari wa hapa anasema niongezewe damu kwanza, kisha mwezi ujao wanipasue. Akaniuliza kama kuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kukataliwa na dawa ya usingizi. Nikamwambia baba alifia mezani na hatukuelezwa kitu. Akakunja uso. Nikamwambia, lakini mdogo wangu wa tumbo moja kapasuliwa juzi juzi, kaamka akicheka. Uso ukakunjuka, akaandika.

Ukiwa na neno, andika. Usipige. Tangu habari ya baba itufikie kwa simu ya dukani, unaijua nyumba hii: ugonjwa haupigiwi simu. Sipokei, na shemeji yako nimemkataza.

Umenitoa woga. Sikujua kama kuna mtu angeweza.

Dada yako

6 Machi

Shikamoo dada,

Habari za hapo? Damu wanakuongezea? Usinune kwa kimya changu, lifti ya wodi ya wazazi ilikorofisha nikashinda shimoni kama panya.

Yule mama mwenye miwani kaniita ofisini kwake. Friji lake kubwa kuliko jiko lako. Kanieleza mambo mazito, nami nakuletea kwa lugha ya cherehani. Zamani dawa ilikuwa kama nguo ya mtumba: ikikubana, shauri yako. Siku hizi wanaisoma damu ya mtu mpaka kwenye uzi wenyewe, ndipo wanamkatia dawa kwa kipimo chake. Kwenye uzi wa baba, anasema, huenda palikuwa na fundo moja dogo. Linarithiwa, mtoto huyu hulipata, yule hulikosa. Mtu anaishi nalo, anabeba magunia, anacheza mpira, wala halimsumbui. Siku akipewa nusukaputi ya kuvuta kwa pumzi, mwili unawaka moto.

Basi nakuomba, waambie wakupime fundo hilo. Au wakulaze kwa ile ya mshipani peke yake, haina ugomvi na watu wa namna hiyo. Si kwamba kuna jambo. Mimi si unaniona? Ni tahadhari tu, kama kumfungia mlango mwizi ambaye hajazaliwa.

Nilimuuliza kama anaweza kuwaandikia madaktari wenu. Kasema habari za damu yangu ni zangu, mpaka niseme mimi.

Mdogo wako,
Fundi Lifti

14 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi tupo. Nimepata nguvu kidogo, hata jana nilimaliza kola mbili.

Maneno ya fundo nimemfikishia daktari. Hakunidharau. Kasema kipimo hicho hapa hakuna, hupelekwa mbali na majibu huchelewa, nami nimevuja mno, siwezi kungoja. Kuhusu ile ya mshipani, mashine ya kuipimia imeharibika. Angeazima hospitali nyingine kama kungekuwa na sababu ya maana. Akaniuliza, yule mdogo wako aliyeamka akicheka alipewa ipi? Nikasema itakuwa hii ya kawaida, ya kuvuta. Akasema basi, hofu imepungua. Wananipasua Jumanne ijayo asubuhi. Nitalazwa Jumatatu, na simu nitaizima.

Sasa wewe. Nimekulea mimi. Ulipovunja kioo cha jirani ulikuja kuniuliza afya yangu kwa upole huu huu. Barua yako ina tahadhari nyingi kuliko mzaha, na wewe tahadhari hujawahi kuwa nayo. Nakuuliza, unijibu neno moja: uliamka ukicheka?

Dada yako

Jumatatu, 20 Machi

Kwa yeyote atakayeishika barua hii hapo wodini: isome wewe kwanza, umkimbilie daktari, ndipo umpe dada yangu.

Dada,

Leo sina salamu. Barua yako imefika mchana. Nimepiga simu yako, imezimwa. Ya Shemeji inaita mpaka inakata, anakutii. Hospitali kapokea mtu, kaniambia nisubiri, nimesubiri mpaka salio likaisha. Mama mwenye miwani nimempa ruhusa. Anazipiga picha kurasa hizi na majibu ya damu yangu, anazituma huko kwa faksi ya hospitali yenu. Naomba awepo mtu wa kuitazama faksi hiyo kabla ya asubuhi.

Nilipewa ya kuvuta. Taya zikakaza, wakashindwa kunifungua mdomo, mdomo huu unaoujua. Mwili ukawaka kama pasi. Wakaacha kazi, wakanizika kwenye barafu, wakaitafuta dawa ya kuuzima moto huo jengo zima. Nilipozinduka sikulijua jina langu. Ngiri yangu ninayo mpaka leo, hawakuifikia. Na fundo lipo, limeonekana kwangu. Kwako laweza kuwepo, laweza kukosekana. Hakuna ajuaye, na ndiyo maana wasibahatishe.

Uvimbe ulikuwa unakuua nikiona, nikadhani uongo mdogo utakusukuma mpaka hospitali. Kisha ukaniandikia kwamba nimekutoa woga. Nikashindwa kukurudishia woga huo.

Wasikupe ya kuvuta. Waiazime mashine ya ile ya mshipani. Ukiwa na hasira nami, kaa nayo, uinuke nayo kitandani, uje unichape nayo.

Uliuliza neno moja. Hapana. Sikuamka nikicheka.

Mdogo wako