Kwa Mejumaa Fondo: Harusi Uliyoahidi Imechezwa

Mwaka umetimia, Mejumaa, na wiki moja juu yake, tangu homa ikuchukue mikononi mwetu Machi ile ya 1996. Wiki hiyo moja tumechelewa kwa makusudi. Tulikuwa na kazi yako ya kumaliza kwanza. Imekwisha, na sasa tunaweza kukuandikia kwa uso mkunjufu.

Wasiokujua na wasome. Wewe ndiwe binti wa kwanza tuliyemwona kisiwani humu kusimama nyuma ya santuri za hip-hop. Za kwanza ulipewa na mabaharia wa meli alizopakua Baba bandarini, ukazifuta vumbi kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Kule Mwembe Tayari, Benard, mwenye ukumbi wa disko, alikuambia, "Dada, kaunta iko upande ule." Ukamjibu, "Nimeiona. Mashine je, ziko wapi?" Mchana huo vijana walikataa kwenda kwao, na Benard akaanza kukuita Madamu.

Wapo waliosema kwamba msichana wa heshima hakwaruzi santuri mbele za watu. Majina yao tunayo. Hatuwataji, maana leo si siku yao.

Lakini kazi yako ilikomaa Mji wa Kale, kwenye kupamba maharusi. Karamu ile ni ya wanawake pekee. Mabuibui huvuliwa mlangoni, na DJ mwanamume huwekwa nyuma ya pazia, asimwone mtu. Lazima msichana apenyeze kichwa amwambie, "Ongeza! Wamekaa!" Jambo hilo lilikuchekesha sana. Ulisema ni kama mpishi anayepika bila kuonja. Wewe uliingia, ukaomba pazia liondolewe, ukawatazama wachezaji. "Usitazame sahani ya santuri," ulikuwa ukisema, hata nyumbani. "Tazama miguu." Ulitoka kwenye chakacha ukaingia kwenye rap, ukarudi kwenye chakacha, na mabibi hawakukaa chini.

Ukirudi na bakuli la biriani ya harusi, mlango wa kwanza kugonga ulikuwa wa jirani yetu Mwikali, kwa sababu watoto wake walilala mapema. Sisi tulingoja zamu yetu.

Mama hakuwahi kukusikia kazini. Alfajiri yuko sokoni Marikiti na nazi zake, jioni hana miguu. Na kusema kweli, muziki wako hakuupenda. "Vyuma vinagombana," alisema.

Siku ya kuondoa matanga, Mjomba Masha alisimama akauliza kama ilivyo desturi, "Anayemdai marehemu aseme sasa, tumlipe, mtoto alale." Kisha Bi Zuhura wa Kibokoni akainuka.

"Mimi namdai. Alimwahidi mwanangu Saada kwamba siku ya harusi yake atampigia muziki yeye mwenyewe, bila pazia. Ahadi ni deni."

Mtu mmoja akacheka. Ndugu yako Kiti akataka kuinuka, Baba akamshika shati.

"Sikuja kwa ubaya," akasema Bi Zuhura. "Mimi nimeshasamehe. Saada ndiye hataki kusikia. Asema mwingine hamtaki."

Mama akasema, "Mwambie Saada asimtafute mwingine. Deni hilo ni langu."

Tulidhani ni uchungu uliosema. Kiti anazijua mashine zako, lakini Kiti ni mwanamume. Angepigia nyuma ya pazia, na hiyo siyo ahadi uliyotoa. Mwanamke mwingine wa kazi hiyo tulimtafuta, hatukumpata. Usingizi ukamhama Mama. "Mwanangu amelala na deni," alisema kila asubuhi akijifunga leso.

Ndipo akafungua sanduku lako. Kila jalada la santuri lilikuwa na kipande cha kitambaa: chekundu cha kuwainua watu, cha buluu cha kuwapumzisha, cha manjano cha bibi harusi anapoingia. Mama akavigusa, akavitambua. Ni pindo za leso zake mwenyewe! Miaka yote ile alilaani panya, akatega mitego, akamsingizia paka wa Mwikali.

"Kumbe panya ni wewe, Mejumaa!" Akacheka huku analia. Siku hiyo hiyo akamwambia Kiti, "Nionyeshe pa kushika."

Mwalimu alikuwa mkali, mwanafunzi mkaidi.

"Mama, santuri mbili hizo zinapishana!"

"Nasikia! Kwani mimi sina masikio?"

Mwishowe akachukua nazi mbili, akazigonga kwa ukucha kama afanyavyo sokoni. "Hii na hii hazisemi pamoja. Ndilo unalotaka kuniambia?" Ndilo, Mama. Tangu hapo hakukosea tena, ila mara mojamoja.

Jumamosi iliyopita Saada alipambwa. Wanaume tulikaa nje barazani, Baba akiikunja na kuikunjua kofia yake. Tulisikia sauti ya kike ikiuliza, "Pazia liko wapi?" na Mama akijibu, "Pazia la nini, mwanangu? Mimi nina ndevu?" Wakaangua kicheko.

Halafu muziki ukakatika. Mama alitueleza baadaye kwamba sindano iliruka, wanawake wakabaki wamesimama wakimwangalia. "Nikakumbuka neno lake," alisema. "Nikaacha sahani, nikatazama miguu." Wote walikuwa wametulia, isipokuwa nyanya yake Saada, aliyekuwa bado anagonga sakafu kwa kisigino. Mama akakifuata kisigino kile, akaingiza santuri yenye kitambaa chekundu. Huko nje tulisikia nyumba nzima ikiitikia, na vigelegele juu yake. Wale tusiowataja nao walikuwapo barazani. Tuliwaona wakitikisa vichwa, lakini kwa mdundo.

Bi Zuhura alichungulia mlangoni, jasho likimtoka, akapaza sauti mtaa wote usikie: "Mzee Fondo! Binti yako hadaiwi!"

Baba akavaa kofia yake. Mama amerudi kulala usingizi. Anakoroma, dada, na hakuna anayethubutu kumwamsha.

Pazia uliling'oa, wanawake wakacheza,
Ndimi wakazichongoa, ngoma hukuipunguza,
Ahadi uliyotoa, Mama ameitimiza,
Lala, roho zimepoa, kilio tumekimeza.

Unakumbukwa na baba yako Fondo, mama yako Mbeyu, ndugu yako Kiti, mdogo wako Joy, Mjomba Masha, jirani yako Mwikali na wanawe, na paka wake, ambaye Mama amemwomba radhi.

Wewe hudaiwi tena. Wadaiwa sasa ni sisi, na deni la kukukumbuka hatuna haja ya kulimaliza.