Harpsikodi Kitandani kwa Afande

Mama mpendwa,

Pokea salamu za Mbale, ambako mvua imeufunika mlima wa Wanale. Jana wanakwaya wanne walinisaidia kubeba harpsikodi yangu, kile kinanda cha kale cha nyuzi, hadi kando ya kitanda cha Afande Wafula, yule askari mstaafu aliyenifundisha muziki, ambaye alikuwa mgonjwa sana. Hakuwa amesema nami tangu nilipoacha kinanda cha kanisa alichonifundisha, nikaenda Ulaya kujifunza harpsikodi. Nilipiga kipande kimoja cha zamani. Akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, “Wewe napiga mbio sana. Rudia.” Nikarudia polepole. Akanishika mkono: “Sasa mimi najua kwa nini wewe liondoka.”

Alfajiri ya leo amefariki. Mkewe ameomba nimpigie harpsikodi kesho kwenye mazishi, nami nimekubali. Jifunike vizuri, Mama. Nakupenda.

Mwanao,
Nafuna