Chura wa Matogoro Aliyepewa Jina la Asha

Songea Mjini

Mama yangu, shikamoo. Na wewe binamu Rajabu unayemsomea Mama barua hii, salamu tu, maana nimekuzidi umri kwa wiki mbili. Soma taratibu, usiruke kitu. Mama, magoti yanaendeleaje? Korosho mmeshawauzia wale wanunuzi wapya? Mimi mwili mzima, moyo ndio hauko sawa.

Bado nipo kwa yule Mzungu mtafiti wa wadudu na vyura, Mzee Otto. Bila mimi hata panzi asingempata. Rajabu, uliyemaliza la saba, unajua Kilatini? Mimi wa la tano nakijua, ndicho wanachoandikia majina ya viumbe! Kuna kinyonga ana jina la Mzee Otto, ua lina jina la mkewe, Mama Hilde, na panzi mmoja mwenye sura mbaya ana jina la binti yao Lise, naye anaringa kama kapewa shamba. Kwao ni heshima. Kiumbe kisichojulikana kikipatikana, kinaandikwa kitabuni kwa jina la mtu, na jina hilo halifutiki.

Niliposikia hivyo nikamkumbuka mdogo wangu, Asha wetu. Amefariki hana mtoto, na kwenye ukoo hajazaliwa wa kurithi jina lake. Habari za msiba zilinifikia siku ya tisa, barabara ya Tunduru imekatika kwa mvua, malori yamezama. Sikumzika, Mama. Nikaambiwa unalia kwamba hata jina litapotea.

Basi mwezi uliopita, kambini kwetu kando ya kijito cha Matogoro, nikakamata chura mdogo kama kidole gumba, tumbo jekundu. Mzee Otto akapekua vitabu vyake, akaruka juu.

"Huyu hayumo! Umempata wewe, chagua jina."

"Asha."

"Asha nani? Mchumba?"

"Mchumba wapi, Mzee! Mdogo wangu, marehemu."

Akavua kofia. Akaliandika jina kwenye karatasi, akaniachia chupa ya spiriti nimtumbukize chura afe asioze, yeye akaenda kumwita mkewe aje aone.

Hapo ndipo nilipoharibu. Mama, si unajua kwetu aliyebeba jina la marehemu ndiye marehemu mwenyewe? Rajabu amebeba jina la baba yako, na wewe unamwita Baba hata akiiba sukari. Nikamshika chura, nikamtania, "Haya Asha, ingia." Koo lake likawa linapwita haraka haraka, kama la Asha akishikwa na homa. Mkono ukakataa. Nikamrudisha majini.

"Chura yuko wapi?" Mzee Otto akauliza.

"Kaenda zake."

"Bila mwili hakuna jina! Kitabu hakikubali!"

"Mzee, wewe ungemtia Lise kwenye chupa?"

"Lise ni mtu! Panzi ni panzi!"

Hakunifukuza. Mama Hilde alimshika mkono, akamwambia maneno kwa lugha yao, Mzee akatulia. Lakini tangu siku hiyo tunapekua mawe asubuhi hadi jioni, na hatujampata mwingine wa namna ile. Mzee anasema tukimpata, jina ni lile lile.

Jana nilimsikia, Mama. Alikuwa analia chini ya jiwe, hatua mbili kutoka nilipochuchumaa. Mzee akauliza, "Umesikia kitu?" Nikamjibu, "Ndege huyo, Mzee. Twende kule juu."

Jina la Asha halitaandikwa, na mimi niliyejigamba kwamba najua kila kitu ndiye niliyelizuia. Unisamehe. Kumzika nilishindwa, na kumtia kwenye chupa nimeshindwa vilevile.

Nisalimieni Baba Mkubwa fundi cherehani, Shangazi wa vitumbua, na Bibi kule Namasakata, mama yake marehemu baba. Mkienda kumsomea Asha dua, hesabuni na mimi nimesimama hapo.

Mwanao mkorofi,
Yusufu