Rozari ya Tumbo la Kaka Yako

Uko wapi wewe? Kaka yako leo ametuvunja mbavu walimu wote.

Jana si alimwomba Sista mkuu ruhusa, eti tumbo linamsokota? Kumbe amevaa tai, ameenda usaili kwenye ile shule nyingine ya masista.

Leo asubuhi anaingia getini, anakuta watoto wote mstarini, rozari mikononi. Akamuuliza mlinzi kwa kunong'ona, "Nani amefariki?"

"Tunakuombea wewe, Mwalimu. Lile tumbo."

Tumbo, jamani. Darasa la pili wamemchorea kadi, tumbo lina macho na linalia.

Ikabidi ajikunje. Kwanza alishika kiuno, akakumbuka, akahamisha mkono. Akasimama hivyo mpaka amina ya mwisho.

Watoto walipoingia madarasani, Sista akamsogelea, mimi nipo pembeni na daftari la mahudhurio. Sauti ya upole kabisa: "Pole, Mwalimu. Mkuu wa ile shule uliyokwenda jana amenipigia simu. Mimi na yeye tuliweka nadhiri za utawa siku moja. Ameniuliza kama wewe ni mtu mkweli."

Mkono wa kaka yako bado uko tumboni.

"Nimemwambia nitamjibu ukipona."