Karakana Yangu Haina Kelele Wala Vumbi, Mbona Mke Wangu Anafunga Begi?

Bi Marlys mpendwa, sina mazoea ya kuomba ushauri gazetini ila leo naomba. Mimi ni mpeleka barua mstaafu hapa Duluth, kwenye baridi kali ya kaskazini mwa Marekani, na chini ya nyumba yangu nina karakana ya useremala ambayo nasema bila haya kwamba mtaa mzima haina mfano, madawati ya kanisa letu yametoka humo. Mke wangu Lavonne alikuwa akilalamika kwamba kelele za msumeno zinawafunika wanafunzi anaowafundisha piano na tanuri la kupasha nyumba joto linavuta vumbi la mbao chini linalitema juu, hata siku moja akanitengea viazi akasema, "Kula, Verner, leo nimeviunga kwa vumbi la mwaloni," basi nikaweka mpira chini ya kila mashine, nikajaza sufi ya kuzuia sauti darini, nikatia mlango mzito, nikafunga feni kubwa dirishani itupe vumbi nje, na ilipokosa hewa ya kuvuta nikatoboa ukuta wa chumba cha tanuri na hita ya maji ya gesi ili ipate hewa ya huko, ikavuta ajabu! Bi Marlys, ukiwa jikoni husikii kitu, piano inang'aa, na madirisha mengine yote nimeyabandika nailoni ya kuzuia baridi kama kila mwaka.

Shukrani yake sasa ni hii, kila alasiri nikiwa kazini anashikwa na kichwa na kichefuchefu, nikizima mashine anapona, Jumapili haumwi kabisa. Mimi mwenyewe kichwa hunigonga lakini mbona sisemi? Nikamwambia, "Mama, kichwa gani hicho kinachojua ratiba yangu?" Akanijibu, "Kinaijua kuliko unavyonijua mimi." Jana alifunga begi, anataka kwenda kwa dada yake. Nimfanyeje akubali kwamba tatizo lake nimelimaliza?

Verner Haugstad

Bwana Verner, weka gazeti chini, nenda kazime feni, zima na hita, kisha mtoke nje nyote wawili.

Mko nje? Haya. Kazi yako ni nzuri na una haki ya kujivuna. Marehemu mume wangu alihangaika na msumeno wake miaka kumi na moja, hakufika nusu yako. Lakini feni inatoa hewa na nyumba umeiziba kwa nailoni, hewa mpya ipitie wapi? Inashuka kwenye bomba la moshi la hita, kwa sababu wewe mwenyewe umeitobolea njia. Moshi wa gesi uliopaswa kutokea paani unarudi ndani na sumu yake isiyo na harufu, na tanuri linaipandisha hadi jikoni. Lavonne si mwenye wivu na mbao zako, anapewa sumu. Na wewe pia unapewa, ila umefanya jeuri ukaita uvumilivu.

Waite zimamoto wapime kabla hamjarudi ndani. Ziba tundu lile, funga kengele ya hewa ya sumu kila ghorofa, na feni hiyo uing'oe, ununue mashine yenye chujio laini inayosafisha hewa na kuirudisha humo humo karakanani. Ukiweza kuunda madawati ya kanisa, hayo hayakushindi.

Kisha mwombe mkeo radhi, tena leo. Mlango ule unazuia sauti pande zote mbili, Bwana Verner. Lavonne angeanguka jikoni akakuita, wewe huko chini ungeendelea kupiga randa.