Nilifyeka, Sikung'oa

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 19.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na kabla sijasema lolote niambie mgongo wako unaendeleaje. Mara ya mwisho ulisema unainuka kitandani kwa awamu, kama mtu anayekunjua kiti cha kukunja. Anayefunga matairi ya malori ya mgodini kutwa nzima, tairi moja refu kuliko mwenyewe, hawezi kukosa maumivu. Lakini ule mkanda wa kiunoni uvae, usiuache ukining'inia msumarini. Mkeo hajambo? Watoto je? Yule wa mwisho bado anaogopa kunyolewa?

Sisi huku hatujambo, kwa hesabu za jumla. Mama ana afya. Sikio lake la kushoto limeziba, la kulia linasikia kile linachotaka. Mimi tumbo langu bado linatangulia kuingia mlangoni, nami nalifuata nyuma kwa adabu. Goti nalo linalia kila nikipanda trekta, hata mke wangu huuliza nani amefungua mlango.

Najua umeshangaa kupata barua wakati simu ziko. Kwenye simu mimi ni mtu wa kona nyingi. Nikibanwa nasema sauti inakatika, na wewe kwa upole wako unaamini. Karatasi haikatiki.

Nataka kukueleza habari ya shamba la dada yetu, lile la mteremkoni. Ulichoambiwa sicho kilichotokea, na aliyekuambia ni mimi.

Makubaliano unayajua, ulikuwapo. Mumewe aliugua miaka miwili, shamba likalala, miiba ikaota mpaka mbuzi wakawa wanazunguka mbali. Tulipokwisha kumzika, ndugu zake wakatuita sebuleni kwao wakasema ardhi haiwezi kukaa hivyo. Yule kaka yao mkubwa, tunayemwita Kamba kwa sababu haendi popote bila kamba yake ya kupimia, ndiye aliyetamka: wiki ya kwanza ya mvua ikiisha na mbegu ziko ardhini, shamba ni la mjane na watoto wake, ikiisha hazijaingia, linarudi kwao. Dada alikubali bila kubisha. Wengine walidhani ni unyonge. Alikubali kwa sababu alikuwa na kaka mwenye trekta, na kaka huyo alikuwa amekaa pale pale kando yake, amejaza kiti.

Wewe ulinipigia wiki ileile ukanipa somo zima. Miiba ile msiifyeke, ing'oeni na mizizi yake. Mkimaliza buruteni gogo zito shamba zima, likusanye vijiti vilivyobaki. Fungeni matairi ya zamani yale mazito, msiingie na haya mapya. Ukatuma na dereva wa lori madumu mawili ya dawa ya kuziba pancha, ukasema itiwe ndani ya matairi kabla ya kazi. Na kila jioni nichukue koleo na tochi nizunguke tairi moja moja, niutoe kila mwiba nitakaouona, kwa maana mwiba hautoboi siku unayoukanyaga. Tairi likizunguka unasogea ndani, kidogo kidogo, hata siku ya kumi.

Nilikujibu kwamba mimi nilikuwa naendesha trekta hili wewe bado unakula udongo. Ukacheka. Nikakichukua kile kicheko kuwa umekubali.

Tulikuwa na wiki tatu kabla ya mvua. Wiki mbili na nusu nililimia watu. Dada alikuja mara mbili kuniuliza, mara zote kwa heshima, amesimama kando ya tairi na mkoba wake. Mara zote nilimwambia asiwe na wasiwasi, yeye si mgeni, wa nyumbani husubiri. Neno hilo nililisema kwa mapenzi, mdogo wangu. Naliandika hapa ili ulione lilivyo: mgeni alipata trekta, wa nyumbani alipata neno tamu.

Jioni nazo sikushika koleo. Nilifanya kama tunavyofanya madereva wazee. Unazunguka trekta mara moja, unalipiga kila tairi teke la kisigino, unasikiliza. Likisema "dum", zima. Unakwenda kuoga. Madumu yako ya dawa niliyaweka stoo nyuma ya magunia, yalipolala yale matairi mazito, nikisema nayatunza yasije yakaisha.

Zilipobaki siku nne ndipo nikaingia mteremkoni na vibarua wawili. Tulifyeka. Hapana, ngoja niandike sawasawa: nilifyeka. Vibarua waliniuliza kama tung'oe, maana walikuja na majembe na sururu begani. Mimi ndiye niliyewaambia waziweke chini washike mapanga. Kung'oa kungechukua wiki. Kufyeka kulichukua siku mbili, na shamba likang'aa mpaka watu barabarani wakasimama kulitazama.

Unajua panga linavyokata. Halikati sawa kama msumeno, linakata mshazari. Kila kichaka kiliacha kisiki kilichochongoka kama mkuki, kina urefu wa kiganja, na nyasi tulizokata zikalala juu yake. Kwa macho hukioni. Nilikupigia picha nikakutumia, nimesimama katikati, mikono kiunoni kama mkuu wa mkoa. Ulijibu kwa neno moja tu: "Mmeng'oa?"

Nikaandika: "Safi kabisa."

Hukuuliza tena. Mtu akiulizwa kuhusu mizizi akajibu usafi, angepaswa kuulizwa tena. Lakini mimi ni kaka yako mkubwa, na ulininyamazia kwa sababu hiyo.

Niliingia na trekta Jumatatu asubuhi, mawingu yameshafunga. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri nikaanza kupiga mluzi. Wa pili, tairi la mbele likakaa chini. Nikalibadilisha, sikuona ajabu. Katikati ya mstari wa nne nikasikia mlio kama mtu amepasua shuka, halafu maji. Yale maji tuliyojaza kwenye tairi la nyuma ili lishike ardhi yalitoka kwa nguvu, yakanilowesha mguu wote, na trekta likainama upande mmoja kama mzee anayetafuta kiatu chini ya kitanda. Dada alikuwa pembeni na ndoo zake mbili za mbegu. Alicheka. Alidhani ni jambo dogo, na mimi nilicheka naye.

Tairi la nyuma si mzigo wa kubeba kwenye toroli. Jeki ilizama kwenye udongo mara tatu. Tukatafuta mbao, tukatafuta watu, tukatafuta gari la kulichukua. Lilifika kwa fundi pancha pale njia panda Jumanne saa tisa, na mvua ikaanza tukiwa tunalishusha.

Fundi unamkumbuka, yule tunayemwita Daktari. Alilizungusha lile tairi taratibu akiwa na tochi, akawa anachomoa. Aliweka kila alichochomoa kwenye kifuniko cha ndoo. Kisiki kimoja, kinene kama kidole gumba, kilichopasua ubavu. Na miiba ishirini na sita, mingine myeusi, ya zamani, imeingia kwa ndani mpaka vichwa havionekani. Aliniuliza mara ya mwisho kulikagua ilikuwa lini. Nikamwambia kila jioni. Akasema hili silo tairi, ni nungunungu. Waliokuwa pale wakacheka, nami nikachekea tumboni, halafu akaniambia polepole bila kunitazama kwamba mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na tairi hilo litahitaji siku tano kwa sababu kiraka cha ubavu hakikauki kwenye mvua.

Siku hizo tano trekta lilisimama katikati ya shamba juu ya magogo, mguu mmoja hauna kiatu. Nilitafuta trekta jingine. Kila mwenye nalo alikuwa kwenye shamba la mtu, na kila mtu alikuwa amengoja zamu yake kama alivyongoja dada.

Dada yetu hakungoja tena. Alichukua jembe. Alilima kwenye mvua kuanzia Jumatano, akianzia pale nilipoishia, akizunguka trekta langu. Mimi nililima naye, usinione mbaya zaidi ya nilivyo, lakini kila baada ya hatua mbili jembe linagonga kisiki. Visiki vyangu. Alikuwa anaving'oa kimoja kimoja kwa mikono na kuvirusha pembeni, hakusema chochote kuhusu aliyevichonga.

Jumapili, ndiyo mwisho wa wiki kwa hesabu yao, Kamba alikuja na kamba yake. Alipima tulichopanda, kikawa eneo la kutosha kujenga nyumba ya vyumba viwili. Alinipa mkono, akanipa pole ya tairi, na nadhani aliimaanisha. Nikaanza kumweleza habari ya miiba, jeki, Daktari na kiraka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shemeji, tulikubaliana mbegu. Hatukukubaliana matairi."

Ningekuwa mimi ni yeye, ningesema hivyohivyo, labda kwa sauti kubwa zaidi.

Wewe ulipiga simu jioni ileile. Nilikuwa kwenye benchi la Daktari, nina tope mpaka masikioni. Ukaniuliza imekuwaje. Ningeweza kusema. Nilisema tairi lilisumbua kidogo, lakini hata hivyo upande wa dada mambo hayakuwa tayari. Tazama sentensi hiyo ilivyoundwa. Mambo. Hayakuwa tayari. Hakuna mtu ndani yake, ila dada. Halafu nikasema sauti inakatika.

Mambo ya dada yalikuwa tayari tangu mwezi uliopita. Ndoo mbili zilikuwa pembeni ya shamba siku ya kwanza, na hilo ndilo nililokuficha.

Juzi alinikaribisha chakula cha mchana. Wali na maharage. Unanijua mbele ya sahani. Nilimaliza ya kwanza nikajiongezea. Nikamsifu kwamba maharage yake yote yana ukubwa mmoja, kama yamepimwa. Nikageuka nikaona zile ndoo mbili nyuma ya mlango, moja imeshuka nusu. Alikuwa amezichagua mbegu zile punje kwa punje, kila jioni, muda wote niliokuwa nawalimia watu. Nilikuwa nimeshakula sahani mbili za shamba lake.

Ndipo akaiweka simu yake kando ya sahani yangu na kunionyesha ujumbe wako. Sitauandika hapa; unaujua. Lile neno "uzembe" umeliweka mara mbili. Na ukamwambia kwamba mtu anayeletewa trekta mlangoni akashindwa kupanda asitafute wa kumlilia.

Nilimuuliza amekujibu nini. Akasema, "Sijamjibu. Nilidhani jibu unalo wewe."

Kisha akanichukulia sahani akaenda kuiosha. Huko jikoni nilisikia maji tu.

Kwa hiyo jibu ndilo hili, limechelewa wiki tatu kama kawaida yangu. Lile tairi jipya uliloahidi usilitume. Hili lililopasuka limeshika, na dawa yako nimeitia yote. Kila jioni sasa nazunguka na koleo na tochi, napiga magoti, tumbo likiniruhusu. Nimepata gogo la kuburuta. Daktari ananiita mwanafunzi bora, aliyeanza kusoma baada ya mtihani.

Kamba naye ameweka watu mteremkoni. Wamekuja na majembe na sururu, wameng'oa kila kisiki, wamekusanya na kuchoma. Imewachukua siku nne. Watu sita, siku nne. Nilipita nikasimama barabarani nikahesabu, kwa sababu nilitaka iwe zaidi.

Ombi langu ni moja. Mwandikie dada. Usinitetee, na usimwambie kwamba nimekutuma, ingawa atajua. Usimtumie kitu ndani ya bahasha. Mwambie tu kwamba ulikosea, ili angalau mmoja wetu awe amemwambia.

Mama anakusalimu, anasema umempigia simu mara moja tu mwezi huu, hiyo ameisikia kwa masikio yote mawili. Mke wangu anawasalimu, na anamwambia mkeo kwamba kitambaa kimefika na rangi ni yenyewe. Daktari anakusalimu, anasema ukija umletee bomba la kujazia upepo kama lile ulilomwonyesha kwenye picha. Msalimie mkeo na watoto, mmoja mmoja kwa jina. Mungu akupe mgongo wa kukutosha na akuepushe na ndugu wanaojua kila kitu.

Dada yako ni mzima. Nimemwambia nakuandikia. Hakunipa salamu za kukufikishia, nami sikuthubutu kumwomba.

Wako akupendaye, hata ukimaliza kusoma,

Kaka yako mkubwa.